Hakuonja Kwanza

Kizwite, Sumbawanga
Jumanne, 18 Machi 2025

Shemeji Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika barua kama tuko enzi za babu, najua utacheka. Lakini simu yako, shemeji, ukiipokea unaweka sauti ya juu na ukoo mzima unasikiliza, mpaka mbuzi. Haya ni yako peke yako. Nampa kondakta wa basi, mwambie Isdori wa bodaboda aipokee stendi ya Laela.

Mdogo wako yu hai. Hilo ndilo la kwanza. Jana mchana tulipofika alikuwa amekauka, midomo imepasuka, moyo unakwenda mbio. Maumivu yako palepale juu ya kitovu na yanapenya hadi mgongoni. Hawezi kulala chali, anakaa ameinama na kuukumbatia mto. Wamemtundikia maji, chupa ikiisha wanaweka nyingine. Daktari wetu ni mama mmoja anaitwa Lydia, mpole lakini hasemi kwa mafumbo. Amepima damu, amepiga picha ya tumbo, na leo asubuhi kaniita. Anasema si vidonda vya tumbo. Ni kongosho.

Hata mimi sikulijua. Kanieleza kuwa ni kiungo kimelala nyuma ya tumbo, kazi yake kutengeneza maji ya kusagia chakula. Sasa yale maji yamemwagika humohumo, na kongosho la Zenon linajisaga lenyewe. Akasema mara nyingi huwa ni mawe kwenye nyongo, ila picha imeonyesha hana. Kisha akaniuliza, "Mumeo anakunywa pombe?" Nikasema hapana, ni mwenyekiti wa kigango, aliapa mbele ya padre mwaka juzi kwamba ameiacha. Akaandika.

Nalala kwa Angela, binti wa shangazi yangu, hapa Kizwite. Leo asubuhi nimepika uji nikaupeleka, kisha nikarudi nao, maana hawezi kumeza kitu. Watoto wangu wasilale na njaa ya habari, waambie baba yao anawasalimu. Mwombeeni.

Shemeji yako,
Rosina


Laela
Alhamisi, 20 Machi 2025

Shemeji Rosina,

Milele amina. Barua imefika, imelowa mvua lakini inasomeka. Nakushukuru kwa kumkalia mdogo wangu. Kuhusu simu, sauti naiweka juu kwa sababu sikio langu la kulia halisikii, si umbea. Tuliache hilo.

Habari ya kongosho nimeisoma mara tatu. Tumechinja ng'ombe na mbuzi maisha yetu yote, sijaona kiungo kinachojila. Kitu hakijili bila kutumwa. Ijumaa ile Zenon alirudi kutoka Kasesya mpakani kwenye biashara yake ya mahindi, mzima. Akapita kwa mama mdogo Lucia, akapewa kibuyu cha togwa, ile tamu isiyolewesha. Usiku akaanguka. Hapo hata mtoto anajua kujumlisha.

Tena kuna jambo hukuliona, ulikuwa shambani. Wiliam na mkewe, majirani zake, walikuwepo na wako tayari kuapa. Lucia alimkabidhi kibuyu bila kuonja. Umeolewa kwetu miaka kumi na minne, unajua desturi: mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, hata kama mgeni huyo kamzaa mwenyewe. Aliyeacha kuonja anayo sababu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili nilimpa ile dawa ya kutapisha. Mzee aliyenipa alisema sumu itoke kwanza ndipo twende hospitali, na tusimpe maji isije ikasambaa. Naamini ilipunguza nguvu. Muulize daktari, bila kumweleza mengi, kama kutapika kule kulimsaidia. Na atafute sumu kwenye damu, aandike kwenye karatasi. Ukoo tunakaa Jumapili ya tarehe 30.

Flavian


Kizwite
Jumatatu, 24 Machi 2025

Shemeji Flavian,

Utanisamehe mwandiko, nimechoka. Alhamisi Zenon alianza kutetemeka na kuongea na watu wasiokuwepo. Alikuwa anapanga magunia hewani na kumgombeza dereva wa lori. Nikazungumza na daktari faragha, akaongeza dawa, akatulia. Ijumaa pumzi zikawa fupi. Maji yameingia kwenye mapafu, sasa anapumua kwa oksijeni. Mkojo wa siku nzima haujazi kikombe cha kahawa. Tumbo limevimba, limekaza, ukiligusa analia, na wewe unajua Zenon si mtu wa kulia.

Nilimwomba daktari aniambie ukweli kama mtu mzima. Akaniambia ugonjwa huu ukiwa mkali una milango miwili ya mauti. Wa kwanza ni majuma mawili ya mwanzo: kongosho likiungua mwili mzima unashtuka, mapafu yanagoma, figo zinagoma, moyo unafuata. Wengi wanaokufa mapema hufa hivyo. Akiuvuka huo, wa pili uko mbele. Sehemu ya kongosho iliyokufa inaweza kuoza ndani, na uozo ukaingia kwenye damu. "Sasa hivi tunapigania mlango wa kwanza," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sumu hakuna, shemeji. Nimeuliza waziwazi na nimejibiwa waziwazi. Habari ya kutapika sikumuuliza, ana wagonjwa wengi.

Na mama mdogo Lucia, jamani. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Yule mama tangu nimjue hafungui kinywa mpaka jua lizame. Angeonjaje? Ninyi wawili mama yenu alipofariki ni nani aliyewabeba mgongoni kwa zamu? Nakuomba kwa magoti, msimguse mpaka Zenon mwenyewe aweze kusema.

Rosina


Laela
Alhamisi, 27 Machi 2025

Shemeji,

Unamtetea kama wakili aliyelipwa. Anayefunga anaruhusiwa kulowesha ulimi, hakuna padre atakayemnyima komunyo kwa hilo. Yeye hakulowesha.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa maneno ya Wiliam peke yake. Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu zote kwa nini hakuonja. Akasema, "Muulize Zenon." Basi, akaendelea na maharage yake. Mtu anakwambia umuulize mgonjwa aliyefungwa mpira wa hewa puani. Hiyo ni kejeli, Rosina.

Nitakuuliza mara moja na unijibu kwa neno moja. Kama si sumu, ni nini? Daktari lazima alisema chanzo. Mtu haungui ndani bure. Usiponijibu, tarehe 30 ukoo utaamua kwa yale tunayoyajua.

Flavian


Kizwite
Jumatano, 2 Aprili 2025

Shemeji Flavian,

Barua yako ilichelewa kwa sababu ya matope ya barabarani, nimeipata jana. Sijui Jumapili mmeamua nini, na naogopa kuuliza. Lakini leo nina habari njema, kaa chini uisome polepole.

Ameuvuka mlango wa kwanza. Mkojo umerudi tangu Jumamosi. Jumatatu wamemtoa oksijeni. Jana amekunywa uji wa ulezi vijiko sita, nikavihesabu kama mwehu, mpaka muuguzi akanicheka. Amekonda, mashavu yameingia, lakini amenitania kwamba uji wa Angela ni mwepesi kama wa jela. Nilitoka nje nikalia mpaka nikashiba.

Lile neno moja ulilolitaka, analo yeye. Amenishika mkono akaniambia atalisema mwenyewe siku ya Pasaka, mbele ya kigango chote, na wewe ukiwepo. Kaniapisha nisimtangulie. Kwa hiyo nakuomba siku kumi na nane tu. Mama mdogo akae nyumbani kwake mpaka Pasaka. Zenon akisimama kusema, utaelewa kila kitu, na mimi nitakuomba msamaha kwa kukuficha.

Rosina


Laela
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Shemeji Rosina,

Nimechinja jogoo. Watoto wameimba mpaka usiku, mdogo amelala na picha ya baba yake. Mungu ni mwema.

Sasa nikwambie la upande huu. Tarehe 30 ukoo ulikaa. Lucia aliitwa akaulizwa tena, akakaa kimya kama gogo. Wazee wakasema aondoke. Hakuna aliyempiga, hilo nakuapia, nilisimama mimi mwenyewe kuhakikisha. Jumatatu asubuhi alifunga blanketi na sufuria, akapanda gari la Sumbawanga. Nasikia sasa yuko Kasesya mpakani. Nyumba yake nimeifunga kwa kufuli.

Usinilaumu. Wewe ulikuwa na neno ukalifungia mdomoni. Lakini mimi si mtu wa kichwa kigumu kama unavyodhani. Zenon akija Pasaka akisema vingine, nitamfuata mama mdogo kwa miguu yangu na kumrudisha mbele ya watu wote. Neno hilo litoke kinywani mwa Zenon, si mwa mtu mwingine. Basi mlete akiwa mzima.

Flavian


Kasesya
Jumanne, 8 Aprili 2025

Mwanangu Rosina,

Niko mzima, usihangaike. Nipo kwa mama mmoja anayewapikia madereva wa malori, namwoshea vyombo, ananipa pa kulala. Hii barua naipitisha kwa dereva wa kwenda Sumbawanga.

Siku nilipopita mjini nilikuja hospitali. Zenon alikuwa amelala na wewe umesinzia kwenye kiti, sikutaka kuwaamsha. Nimefurahi kuona kifua chake kinapanda vizuri.

Nataka ujue jambo, maana nadhani unalo moyoni na unateseka peke yako. Ijumaa ile alipoingia kwangu nilimnusa. Mtoto niliyemlea sijui harufu yake? Haikuwa pombe yetu ya ulezi, ilikuwa ile kali ya chupa wanayouziana hapa mpakani. Aliniomba maji, mikono inamtetemeka. Nikamtilia togwa ili limtulize, nikamwambia anywe upesi aende akalale, kwa sababu Wiliam na mkewe walikuwa wanasogea, nao wangemnusa. Kufunga nilifunga kweli. Lakini hata nisingefunga, nisingekumbuka kuonja. Nilikuwa na haraka ya kumficha.

Kwenye kikao ningeweza kusema. Nikafikiri, yuko kitandani na mipira, kesho akipona akute jina lake limekanyagwa na mimi? Wewe pia usiseme. Mtu aliyevunja kiapo akisemwa na wengine hainuki tena, akijisema mwenyewe atainuka. Mzigo wangu nimeufunga, uko mlangoni. Nikisikia tu amesema, napanda gari.

Mama yako mdogo,
Lucia


Kizwite
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Shemeji Flavian,

Pasaka hatafika. Naandika hivyo kwa sababu nimezunguka na maneno mengine tangu asubuhi na yote ni uongo.

Homa ilianza Jumatano. Tulidhani malaria, tukapima, hakuna. Daktari Lydia akampiga picha tena. Ule mlango wa pili ndio tumeufikia. Sehemu kubwa ya kongosho ilikufa siku zile za mwanzo, na sasa imeoza, imejaa usaha. Wamempitishia mpira ubavuni unatoa uchafu wenye harufu ambayo siwezi kuiandika. Dawa kali anapewa kila baada ya saa chache. Daktari anasema uozo umeshaingia kwenye damu, presha inashuka, figo zimeanza kugoma tena. Kusafirishwa hawezi, atafia njiani. Tangu jana ananiita mama.

Sasa nisikilize. Aliniapisha nisimtangulie, lakini hawezi tena kusema, kwa hiyo nasema mimi. Ni pombe. Hakuacha. Aliacha miezi saba tu baada ya kiapo, kisha akawa anakunywa Kasesya na madereva, na nyumbani chupa alikuwa anazificha ndani ya bomba la kupulizia dawa ya mahindi. Nilizikuta mwezi wa kumi na moja, nikanyamaza kwa sababu ya uenyekiti, kwa sababu yako, kwa sababu ya watoto. Ile siku alipotetemeka wodini ndipo nilipomwambia daktari, akasema hiyo ndiyo imeliunguza kongosho. Alhamisi ile na Ijumaa alikunywa bila kula. Mama mdogo alimpa togwa tu, tena kwa huruma. Alijua, akanyamaza kwa ajili yake.

Nakuomba umfuate Kasesya kesho, aje amwone angali na pumzi. Simu sikupigii kwa hili, hakuna sikio lingine linalopaswa kusikia kabla yako.

Rosina


Laela
Jumanne, 15 Aprili 2025

Rosina,

Barua yako nimeichoma jikoni, mke wangu hakuiona.

Sikwambii kwamba sijakuamini. Jana nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati hapa, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani. Nikamwambia mtu kaungua kongosho, siku mbili ametapishwa, maji kanyimwa. Akasema huyo alihitaji maji ya mshipani tangu saa ya kwanza, na aliyemkausha siku mbili alimmalizia figo. Alisema hivyo huku anafunga dirisha la dawa, hakujua anaongea na nani. Naona sasa kwamba wewe daktari alikwambia hilo mapema. Ukaniandikia kwamba hukuuliza. Nakushukuru, na nakuchukia kwa kunionea huruma.

Sasa fikiri. Ikiwa ni sumu, mimi ni kaka aliyejaribu kuitoa. Ikiwa si sumu, mimi ndiye niliyemshika kichwa mdogo wangu nikamtapisha huku ananiomba maji. Aliniomba maji, Rosina. Kwa jina langu la utotoni. Nikamwambia avumilie.

Siwezi kwenda Kasesya. Nimeitoa baiskeli mara mbili na nimeshindwa kutoka uani. Mama mdogo ni mtu mzima, ana watu wa kukaa nao. Niachie hivi ilivyo. Ukisema wewe sitakubishia, lakini sitasimama na wewe.

Flavian


Laela
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani, nimekaa eda ya watu wetu, sitoki. Barua ataileta Isdori mwenyewe.

Zenon alifariki Jumatano Kuu, saa nne asubuhi. Presha ilishuka, wakampa dawa ya kuipandisha, ikashuka tena. Mwisho pumzi zilikuwa moja moja. Daktari Lydia alisimama pale mpaka mwisho na hakuniambia maneno ya kunifariji, nikamshukuru kwa hilo. Barua ya shemeji, ya kukiri kwamba alimtapisha na kumnyima maji, na kwamba hawezi kuja kukuchukua, nilikuwa nimeipokea saa moja kabla, ilikuwa mfukoni.

Tulimzika Ijumaa Kuu, bila misa, maana siku hiyo misa haipo. Katekista aliongoza sala. Watu walikuwa wengi, hata kutoka mjini. Kwenye wasifu walisoma kiapo chake cha kuacha pombe, na kwamba alikuwa mfano kwa vijana. Kisha mzee mmoja wa ukoo akasema mkono uliomuua unajulikana na umeshaondolewa, na watu wakaguna kukubali.

Katekista akauliza kama mjane ana neno. Nilisimama. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kutoka Sumbawanga, nimekaa pembeni ya jeneza nikilirudiarudia. Nilitaka kusema tu: Lucia hana kosa, mume wangu alikunywa pombe. Maneno machache kiasi hicho. Nikawaona wanangu mstari wa mbele wamevaa mashati ya shule. Nikamwona shemeji Flavian amemshika wa mwisho begani, ananitazama, anangoja, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikawashukuru waliofika. Nikawaombea safari njema. Nikakaa.

Nimetafuta sababu siku kumi hizi. Naweza kusema watoto, naweza kusema shemeji. Ukweli ni kwamba niliogopa, mama. Niliogopa kuwa mke wa mlevi kuliko nilivyoogopa wewe kuosha vyombo vya watu mpakani. Bado naweza kusema, najiambia kila siku naweza. Kila siku inakuwa ngumu kuliko jana. Nisamehe kama unaweza.

Mwanao,
Rosina


Kasesya
Jumapili, 4 Mei 2025

Rosina,

Isdori alifika jana, nimempa ugali akala, nimemwambia asubiri jibu.

Zenon nimemlilia. Hapa hawanijui, walidhani nalia kwa moshi wa jiko, nikaacha wadhani hivyo. Flavian usimchukie. Yule tangu mtoto akivunja chungu hukaa juu ya vigae ili visionekane, akajikata.

Kuhusu wewe, nimekaa na barua yako siku nzima nikitafuta neno zuri la kukupa, maana nilizoea kukupa mazuri. Silioni. Labda utasema ulinyamaza kama mimi nilivyonyamaza. Mwanangu, mimi nilinyamaza ili Zenon apone. Wewe ulinyamaza akiwa kaburini, wakati aliyebaki wa kuponywa ni mimi.

Usije huku, na usinitumie watoto. Asubuhi nimeufungua mzigo, nimetandika blanketi.

Lucia